Saa Aliyoanguka

11 Machi

Mdogo wangu,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na mafua yako ya kila msimu wa mvua yamekuacha upumue. Mimi sijambo, mgongo tu unaniuma kwa kuinama. Karakana yetu ya meno ya bandia imepata kazi nyingi mwezi huu, na siku nzima nachonga nta na kumimina plasta mpaka nywele zinakuwa nyeupe kama za bibi. Juzi mzee mmoja alirudisha meno yake, akasema hayana kasoro ila usiku yakiwa kwenye glasi yanamcheka. Wenzangu walicheka, nami nikacheka nao. Ilikuwa mara ya kwanza tangu msiba, na baadaye nikaenda chooni nikakaa.

Nakupigia simu kila siku ya mapumziko, inaita mpaka inakata. Mara mbili ulipokea ukasema, "Dada, nitakupigia," na hukupiga. Basi nimeshika kalamu. Barua haikatiki katikati.

Unajua sikumzika mume wangu. Pasipoti yangu ilikuwa imekwama ofisini kwa mambo ya kibali, na walipoirudisha ilikuwa siku ya sita. Ninyi mlimwona, mlimbeba, mlimfukia. Mimi nina maneno ya watu tu: alikwenda na kikundi chenu cha pikipiki kupita vilima vya msituni hadi baharini, akaanguka. Mama mkwe naye ananiambia hivyo hivyo, kisha analia, nami naogopa kumuuliza zaidi.

Ulikuwepo. Niambie ilivyokuwa. Na niambie alianguka saa ngapi.

Dada yako

2 Aprili

Dada, shikamoo.

Barua yako nilikabidhiwa wiki iliyopita, nikakaa nayo. Mimi mzima, mafua yameondoka. Karakana ya friji inakwenda. Friji kubwa la muuza nyama wa pale kona limekufa tena. Nilimwambia alizike, yeye anataka nilifufue, nami bado nahangaika nalo. Mama mkwe wako nampitia kila Jumapili. Goti linamsumbua lakini anakula. Brashi na makopo ya rangi ya shemeji ameyapanga barazani kama alivyoyaacha. Kuna bango la duka la dawa alilokuwa hajalimaliza, limeishia herufi ya tano, na mwenye duka ameona haya kuja kulidai.

Kuhusu siku ile, dada, maneno si mengi. Tulikuwa kumi na wawili. Tulitoka alfajiri kwenye kituo cha mafuta, mwalimu wa hesabu akiongoza mbele kama kawaida, mimi nikiwa mkia, maana mtu wa mwisho kwenye msafara ndivyo tunavyomwita. Vilimani kulikuwa na ukungu na manyunyu. Tulifika baharini salama. Shemeji alifurahi sana, alikunja suruali akakanyaga maji. Wakati wa kurudi, jioni jioni, kwenye kona moja ya msituni palipokuwa na majani yaliyolowa, pikipiki ilimteleza akaenda bondeni. Ilikuwa papo hapo. Hakuteseka hata kidogo. Lishike hilo likutulize.

Ule vizuri, usijichoshe na kazi.

Mdogo wako

20 Aprili

Mdogo wangu,

Nimekuwa nikiisoma barua yako basini, asubuhi nikienda na jioni nikirudi, mpaka mikunjo imeanza kupasuka. Ahsante kwa kumwangalia mama mkwe. Mwambie asikanyage sakafu bila viatu, goti halipendi baridi. Huku sisi tumeletewa msimamizi mpya, kijana mwenye saa kubwa mkononi anayependa kutuambia tumechelewa. Mtu niliyekuwa nalala naye chumba kimoja, msaga plasta mwenzangu, amehama, kwa hiyo chumba kizima ni changu. Nilikuwa nimekitamani mwaka mzima. Sasa nawasha redio ili kuwe na mtu anayeongea.

Unasema alikanyaga maji. Nimelifikiria sana hilo, kwa sababu mume wangu hakuwahi kupenda bahari. Alisema inamfanya ajione mdogo. Lakini mtu hubadilika, na labda siku ile alibadilika.

Jioni jioni ni saa ngapi? Saa kumi? Saa kumi na moja? Polisi lazima waliandika.

Halafu naomba picha. Najua ninyi mkifika mahali lazima mpange pikipiki mpige picha. Nitumie yoyote aliyopo siku ile, hata kama ameangalia pembeni.

Dada yako

5 Juni

Dada, shikamoo.

Nisamehe kwa kuchelewa. Kazi zilikuwa nyingi, kisha nikaugua tumbo, kisha nikasahau. Hapana, sikusahau. Nilichelewa tu.

Huku hali ni ileile. Muuza nyama amenunua friji jipya, na lile la zamani amenigawia mimi kama mtu anayemgawia jirani mbwa mkali. Kikundi hakijatoka tangu Februari. Mwalimu alijaribu kuitisha safari mwezi uliopita, tukafika watu wanne kituoni, tukanywa chai, tukarudi nyumbani. Pikipiki yangu ipo chini ya turubai.

Picha hii hapa. Tulipiga moja tu ya wote. Shemeji hayumo kwa sababu yeye ndiye aliyepiga, unajua alivyokuwa na jicho la vitu kama hivyo. Sina nyingine.

Kuhusu saa, sikuangalia saa, dada. Siku kama ile mtu haangalii saa.

Mdogo wako

23 Juni

Mdogo wangu,

Huku ni kiangazi na karakana inanuka moto. Sina habari nyingine za kukupa, kwa hiyo leo nisamehe nikiingia ndani bila hodi.

Kazi yangu mimi ni kuangalia vitu vidogo. Jino likizidi kwa unene wa ukucha, mtu hawezi kufunga mdomo. Picha yako nimeiweka chini ya taa ya kazini nikaiangalia wakati wa chakula. Watu ni kumi na mmoja, sawa, wa kumi na mbili unasema ndiye mpigaji. Lakini nyuma yenu mmepanga pikipiki, na zenyewe pia ni kumi na moja. Ile yake yenye tangi la kijani alilolipaka mwenyewe, na mstari mweupe uliomchukua Jumapili tatu, haipo. Nimeitafuta kama mtu anayetafuta sindano. Na vivuli vyenu vyote vipo chini ya miguu, kwa hiyo ilikuwa adhuhuri.

Wewe umesimama wa pili kutoka kulia. Unacheka.

Sikukulea mimi? Mama alipokuwa wodini nani alikufundisha kusoma kwa makopo ya maziwa? Ulipovunja kioo cha jirani ulinidanganya kwa sauti hiyohiyo ya "sikusahau, nilichelewa tu." Nakuuliza mara ya tatu, na sitauliza ya nne. Mume wangu alianguka saa ngapi?

Dada yako

30 Julai

Dada,

Nimeanza barua hii mara nyingi. Karatasi zimekwisha, hii nimeichana kwenye daftari la karakana, usijali mistari.

Alianguka saa nne asubuhi na dakika chache. Tulikuwa bado hatujafika baharini. Hakukanyaga maji. Bahari hakuiona.

Nitakueleza yote, na ukimaliza kusoma ufanye utakavyo.

Yeye hakutaka kuja. Mimi ndiye niliyemwendea nyumbani mara tatu. Nilimwona amekonda, hasemi, anapaka herufi moja siku nzima. Nikamwambia atoke nje kidogo, aone miti, apate upepo. Alikuwa na leseni ya miezi minne tu. Wenzangu walimwita Bwana Taratibu, kwa utani, naye alilipenda jina. Mwalimu akamweka wa mwisho kabla yangu ili nimwangalie. Kazi ya mkia ni moja, dada. Usimpite mtu. Mtu akisimama, unasimama. Mwalimu akiniona mimi kwenye kioo chake anajua wote wapo.

Tulipoanza kupanda vilima akaanza kusimama. Kila tukifika juu, mahali palipo wazi, anaegesha, anavua kofia, anatoa simu anaiinua. Mara ya kwanza nilisimama naye. Ya pili pia. Mvua ilikuwa inanyesha ile nyembamba inayoingia shingoni, wenzetu walikuwa wamepotelea mbele. Mara ya tatu nikashuka nikamfuata.

"Shemeji, wenzetu wanatungoja."

"Ngoja kidogo. Mtandao unakuja halafu unaondoka."

"Unampigia nani huku porini?"

Aliendelea kuinua ile simu kama mtu anayemulika dari. Nami nilikuwa nimelowa, nilikuwa na njaa, nilikuwa nimeaibika kwa sababu ni mimi niliyewaambia wenzangu kwamba shemeji yangu ataweza. Nikamwambia, "Ama upande twende, ama ubaki na simu yako. Utatukuta baharini."

Akasema, "Tangulia tu, shemeji. Nakuja." Hakukasirika. Hilo ndilo linaloniua. Angenitukana ningekuwa na kitu cha kushikilia.

Nikaondoka. Ilikuwa saa nne kamili, niliangalia, kwa sababu nilikuwa nahesabu jinsi tulivyochelewa. Niliwafikia wenzetu kwenye mteremko. Mwalimu akaniona kwenye kioo, akainua mkono kuuliza. Nikamwonyesha dole gumba. Akaongeza mwendo.

Baharini waliuliza yuko wapi, nikasema yuko nyuma, anapiga simu, mambo ya mke na mume. Wakacheka. Ile picha tulipigiwa na mpita njia saa sita. Nilikula. Nilivua viatu. Saa saba na nusu nikamwambia mwalimu twende tukamwangalie.

Mimi ndiye niliyemwona. Kona yenyewe iko kama kilomita mbili tu kutoka pale nilipomwacha, kwa hiyo alianguka dakika chache baada ya kupanda. Palikuwa na mstari kwenye majani, unashuka bondeni. Alikuwa ameegemea mti. Kofia alikuwa ameivua na kuiweka pembeni, vizuri, mdomo chini, kama anavyoiweka sebuleni. Mtu aliyekufa papo hapo havui kofia yake, dada. Ilikuwa saa nane na nusu.

Simu yake tuliiokota kwenye matope, imepasuka. Yangu ilikuwa ndani ya sanduku la pikipiki, nimeifunga kwenye mfuko wa nailoni kwa ajili ya mvua. Nilipoifungua niliona alinipigia mara moja, saa nne na dakika kumi na nane.

Daktari alisema alivunjika mbavu na damu ilivujia ndani, na kwamba alikuwa hai saa mbili, pengine zaidi. Nilimuuliza kama angewahiwa. Akasema hilo hataki kunijibu. Basi nikawa nimejibiwa.

Wenzangu wanajua nilimpita. Hakuna anayesema. Mama mkwe wako hajui. Nilimwambia lile nililokuambia wewe, la jioni na la papo hapo, na kila Jumapili ananiwekea chai na kuniita mwanangu.

Ndiyo hivyo.

Mdogo wako

19 Agosti

Mdogo wangu,

Nimeipata. Sikwenda kazini siku mbili, nikasema nina homa. Kijana wa saa kubwa alinitumia ujumbe wa kuniuliza homa itaisha saa ngapi.

Umenipa yako, nami nina yangu. Sijamwambia mtu yeyote, na nilipokuwa nakuuliza saa kila barua, hukujua nilikuwa nauliza nini.

Siku tisa kabla ya safari yenu tuligombana. Mkataba wangu ulikuwa unaisha Aprili, na tulikuwa tumekubaliana ukiisha narudi. Alikuwa ameshapaka chumba rangi. Mimi nikasaini miaka miwili mingine bila kumwambia. Niliona nitamwambia taratibu, halafu bahasha ya ofisi ikaenda nyumbani kwa makosa, akaifungua. Ndiyo maana pasipoti ilikuwa ofisini. Siku ya msiba niliwaambia ni mambo ya kibali, na sikudanganya, ila sikusema ni kibali cha kubaki.

Aliniambia kwenye simu, "Ungeniuliza tu." Mimi nikamjibu vibaya. Nilisema mtu anayepaka herufi tano kwa wiki hawezi kuniuliza kwa nini natafuta riziki mbali. Nikakata. Tangu hapo hatukuongea. Alikuwa anapiga, sipokei. Nilitaka akome kidogo, halafu nitapokea.

Jumamosi ile nilikuwa kazini. Nilikuwa nimeshika taya la plasta lililokuwa bado bichi, simu ikatetemeka kwenye mfuko wa aproni. Nikaangalia jina. Saa nne na dakika ishirini, saa za huku na za huko ni moja. Nikairudisha. Ikatetemeka tena saa nne na dakika ishirini na sita. Mara ya tatu saa tano kasoro dakika nane, na hiyo iliita kwa muda mrefu mpaka jirani yangu wa mezani akaniambia, "Si upokee?" Nikamwambia ni mtu wa kunisumbua.

Miezi hii yote nilikuwa naomba jambo moja tu, kwamba awe alianguka jioni. Kama alianguka jioni, basi asubuhi alikuwa amesimama barabarani mzima, ananipigia tugombane, na nilichomnyima ni ugomvi. Ulipoandika kwamba ilikuwa jioni nilifurahi, Mungu anisamehe, hata huku najua unadanganya. Sasa umeandika saa nne. Kwa hiyo alikuwa tayari chini. Alikupigia wewe, hukupatikana, akanipigia mimi.

Kuna neno unalolingoja kutoka kwangu. Sinalo. Silo ninalojipa hata mimi mwenyewe. Sikuchukii, na sijui ninachohisi kinaitwaje.

Nimeandika barua ya kuvunja mkataba. Nitakuwa nyumbani katikati ya Oktoba. Kabla sijafika, nenda ukamwambie mama yake. Mwambie lako. Langu nitamwambia mwenyewe uso kwa uso, usinibebee. Siwezi kuingia katika nyumba ile na kumkuta anakuita mwanangu huku anadhani mwanawe alikanyaga maji.

Dada yako

8 Septemba

Dada, shikamoo.

Nimefanya.

Nilikwenda Jumatano badala ya Jumapili, akashtuka kuniona. Alikuwa anachambua mchele. Nilimwambia nikiwa nimesimama, nikaogopa nikikaa nitaanza kuzungukazunguka. Nilimweleza kama nilivyokueleza wewe, ila la simu aliyokuwa anaitafutia mtandao nililiacha, hilo ni lako. Aliendelea kuchambua mpaka nikafika kwenye kofia. Hapo mikono ikasimama.

Akauliza, "Kutoka saa ngapi mpaka saa ngapi?"

Nikasema saa nne na kidogo mpaka saa nane na nusu.

"Peke yake?"

"Peke yake, mama."

Akachukua ungo akaingia ndani, akafunga mlango. Nilingoja barazani, kando ya makopo ya rangi. Baada ya muda mrefu akasema kutoka ndani, bila kufungua, "Jumamosi unipeleke."

Nilimwomba muuza nyama gari lake la mizigo, na Jumamosi tulitoka asubuhi. Alikaa mbele kando yangu. Nilipomwonyesha pale nilipomwacha shemeji, aligeuza shingo akapaangalia mpaka pakapotea. Kwenye kona niliegesha pembeni. Bondeni hakuweza kushuka kwa goti lake, kwa hiyo nikamwonyesha mti kutoka juu. Mti uko karibu, dada. Ukisimama barabarani na kuita kwa sauti ya kawaida, mtu aliye pale anasikia.

Aliuliza ni saa ngapi. Nikamwambia saa nne na robo. Akatandika gunia ukingoni, akakaa, akanyoosha mguu mbovu, uso ukielekea kwenye ule mti.

Nilidhani atakaa kidogo. Saa tano ikafika. Nikamletea maji, akatikisa kichwa. Saa sita manyunyu yakaanza, nikamfunika kwa turubai la gari, akaliacha mabegani bila kunitazama. Magari yalipita, mengine yakapunguza mwendo kutuangalia, dereva mmoja akauliza kama tumeharibikiwa. Mimi nilikaa nyuma yake hatua kama tatu. Sikuthubutu kukaa karibu zaidi, na sikuthubutu kwenda garini. Haujawahi kunipitia mchana mrefu kama ule. Nilifikiri najua muda wa saa nne na robo ni mrefu kiasi gani. Nilikuwa sijui.

Mara moja tu alizungumza, na si na mimi. Alisema kuelekea bondeni, kwa sauti ya mtu anayeongea na aliye chumba cha pili, "Mvua imekatika."

Saa nane na nusu nilimwambia, "Mama, muda umefika." Akanipa mkono nimwinue, maana goti lilikuwa limekufa ganzi. Ilikuwa mara ya kwanza kunigusa tangu Jumatano. Akakung'uta gunia, akalikunja, akaangalia chini mara moja.

"Twende," akasema. "Sasa amekaa na mtu."

Mdogo wako